Kombora la kudungua kombora: "limejaribiwa, limefaulu" maana yake nini?

1/ Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi hapa Voi mbele ya vijana na wazee wachache. Wengi wenu mliomba niyaweke huku. Sheria zetu ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunachambua hoja, hatuchambui mtu. Nimeyaacha jinsi nilivyoyasema, nikakata tu pale nilipojirudia.

2/ Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana wenzangu, mambo.

Wacha nianze na aibu yangu. Tarehe 23 Juni 2025 mchana nilikuwa mtandaoni nikibishana. Jamaa mmoja aliandika kwamba siku hizi kuna makombora ya kudungua makombora, na kwamba yanafanya kazi. Mimi, mwanafunzi wa sayansi ya siasa, nikamjibu: "Hizo ni fataki za matajiri. Hakuna kitu hudunguliwa. Ni biashara tu." Watu wakacheka, wakasambaza. Nikajiona nimemaliza mjadala.

Jioni ile ile, mwendo wa saa moja unusu, Iran ikarusha makombora kwenye kambi ya Al Udeid kule Qatar, ambako jeshi la Marekani lina kituo. Dada yangu mkubwa anafanya kazi Doha. Saa za Doha na za Voi ni sawa, kwa hivyo sisi tulikuwa tunasonga sima wakati simu yangu ilipoingia ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, kuna mingurumo hapa. Juu kunawaka. Mwambie mama niko ndani na wenzangu." Nyuma ya sauti yake ukasikika mlipuko mwingine.

Mama akanitazama akauliza: "Hayo yanayolipuka ni ya kupiga ama ni ya kukinga?"

Sikuwa na jibu. Mchana nilikuwa mtaalamu, jioni sijui lolote. Leo nataka kumjibu mama, kwa sababu swali lake ndilo tunalolikosa kwenye midahalo yetu.

3/ Kwenye midahalo husikika kambi mbili. Ya kwanza inasema: "Mfumo umejaribiwa, umefaulu, tununue." Ya pili, ambayo nilikuwa mwanachama wake mpaka jioni ile, inasema: "Ni uongo mtupu." Zote mbili zina uvivu mmoja. Hakuna anayeuliza jaribio lenyewe lilikuwaje.

Kwa hivyo tuanze na kazi yenyewe. Kombora la masafa huinuka, huzima injini, kisha huanguka likielekea shabaha kwa kasi kubwa sana. Tuseme kilomita mbili kwa sekunde, na yapo yanayozidi hapo. Kutoka hapa Voi hadi Mombasa ni kama kilomita 150. Treni ya SGR hukuchukua zaidi ya saa nzima. Kitu cha kasi hiyo kingefika kwa sekunde 75. Hujamaliza hata kufungua mlango na kuita watoto.

Sasa mlinzi wako lazima akione kwa rada, apige hesabu kitakuwa wapi, arushe kombora lake, na hilo kombora likakutane nacho angani. Makombora mengine ya kudungua hulipuka karibu na shabaha na kuirushia vipande vya chuma. Mengine hayana baruti kichwani kabisa: yanagonga kwa mwili, chuma kwa chuma. Hayo yakikosa kwa mita chache ni sawa na kukosa kwa kilomita.

4/ Nitawapa hadithi ya kombora moja la namna hiyo ya kugonga. Linaitwa THAAD, ni la Marekani. Kazi ya kulitengeneza ilianza mwaka 1992. Majaribio ya kurusha yakafanywa White Sands, jangwani New Mexico, kuanzia 1995.

Jaribio la kwanza la kugonga shabaha lilikuwa Desemba 1995. Likakosa. 1996, likakosa mara mbili. 1997, likakosa. 1998, likakosa. Machi 1999, likakosa. Hesabuni: mara sita, hakuna hata moja lililogonga. Na halikukosa kwa sababu moja. Kila safari palitokea hitilafu yake: leo jicho la kombora, kesho umeme, siku nyingine injini. Ni kama gari ambalo ukilitoa gereji ya breki linaharibika gia.

Mwaka 1998 jopo la wataalamu lililoongozwa na jenerali mstaafu liliandika kwamba tatizo halikuwa sayansi pekee, lilikuwa haraka. Wanasiasa na majeshi walitaka kitu kionekane mapema, kwa hivyo majaribio ya ardhini yalirukwa na hitilafu zikaonekana angani, ambako kila kosa ni la mamilioni ya dola. Walisema huko ni kukimbilia kushindwa.

5/ Halafu tarehe 10 Juni 1999 likagonga. Tarehe 2 Agosti 1999 likagonga tena.

Hapa ndipo ningependa mnisikilize vizuri. Utaratibu uliokuwa umewekwa ulitaka kombora ligonge mara tatu kabla ya mradi kupandishwa hatua inayofuata. Lilipogonga mara mbili, wakubwa wakasema zinatosha. Mradi ukapanda. Yaani alama ya kupita mtihani ilishushwa mtahiniwa akiwa bado ndani ya chumba.

Mtu wa kambi ya kwanza angesimama jukwaani siku hiyo na kusema, "Limejaribiwa, limefaulu," na hangekuwa amedanganya. Mtu wa kambi ya pili angesema, "Limekosa mara sita kati ya nane," na yeye pia hangekuwa amedanganya. Wote wawili wangekuacha gizani.

6/ Lakini hadithi haikuishia hapo, na hapa ndipo nilipolazimika kumeza maneno yangu. Wahandisi walirudi mezani. Walilisuka upya kombora lile kwa miaka kadhaa, wakapima vipande ardhini kwanza. Kurusha kukaanza tena Novemba 2005, na mwaka 2006 likagonga shabaha White Sands. Baadaye majaribio yakahamia kisiwa cha Kauai, Hawaii. Katika awamu hiyo mpya, kila lilipopewa shabaha iliyoruka sawasawa, liligonga.

Kwa hivyo kukosa mara sita hakukuthibitisha kwamba kitu hakiwezekani. Kulionyesha kwamba hakijaiva. Na faida moja ya mkataba wao ilikuwa hii: mkandarasi alikuwa amekubali kulipa faini ya dola milioni 15 iwapo jaribio la Machi 1999 lingekosa. Fikiria mikataba tunayoijua sisi, ya barabara na ya mabwawa. Ni mingapi ina kifungu cha namna hiyo, na ni mingapi tumewahi kuiona?

7/ Sasa wengine mnasema moyoni: huyu kijana ametupeleka New Mexico na sisi tuna ndovu shambani. Sawa, turudi nyumbani. Kinga inayojaribiwa tunayo hapa hapa, Sagalla.

Watu wa Sagalla wanajua ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, ndovu anageuza njia. Shirika la Save the Elephants na washirika wake wamekuwa wakipima ua huo na wakulima wa huko kwa miaka mingi, na mwaka 2024 matokeo ya miaka tisa yakachapishwa. Katika misimu mazao yakiwa shambani, ua ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia.

Mwanasiasa angechukua hiyo 86 akaondoka nayo. Lakini watafiti walisema na yale mengine: ukame wa 2017 uliwapunguza nyuki mizingani kwa kiasi kikubwa, na mzinga mtupu ni sanduku tu. Yaani kinga ina kiwango chake, ina msimu wake, na ina siku haipo kabisa. Mkulima akiyajua hayo, anajua lini alale na lini akeshe. Akidanganywa kwamba ndovu hawawezi kupita, atalala siku ya kukesha.

Na mnajua ndovu wetu. Ua wa umeme ukiwekwa, wapo waliojifunza kuvunja nyaya kwa pembe, kwa sababu pembe haipitishi umeme. Adui naye anasoma. Jaribio lililofanywa na ndovu mpole halikuambii chochote kuhusu ndume aliyekwisha kuvunja ua mara tatu.

8/ Rudi nami Ghuba, ambako tuna ndugu wengi. Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuwa mteja wa kwanza wa kigeni wa THAAD, mkataba ukiwa wa 2011. Tarehe 17 Januari 2022 Abu Dhabi ilishambuliwa kutoka Yemen. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza vitani, THAAD iligonga kombora la masafa. Miaka 27 baada ya kuanza kurushwa White Sands, ilifanya kazi iliyoundiwa.

Na siku hiyo hiyo wafanyakazi watatu walikufa eneo la Musaffah, Wahindi wawili na Mpakistani mmoja. Walikuwa watu wa kazi, wahamiaji, kama dada zetu na kaka zetu. Shambulio lilikuwa na droni pia. Kinga ya makombora yanayoshuka kutoka juu kabisa si kinga ya droni inayokuja chini polepole. Ua ulikuwa imara, mlango ulikuwa upande mwingine.

Tena kuna hesabu ya pesa. Kombora moja tu la THAAD linagharimu zaidi ya dola milioni 10, yaani zaidi ya shilingi bilioni moja za Kenya. Droni za kushambulia hugharimu maelfu ya dola. Adui anaweza kukumaliza kwa kukufanya ulipe.

9/ Na usiku wa dada yangu je? Marekani ilisema yalirushwa makombora 14, 13 yakadunguliwa na moja likaachwa kwa kuwa lilielekea pasipo na hatari. Qatar ilisema yalikuwa 19 na moja likaangukia kambi. Tukio moja, washirika wawili waliokuwa upande mmoja, hesabu mbili. Wiki chache baadaye picha za setilaiti zikaonyesha kuba la mawasiliano ndani ya kambi limepigwa, na wizara ya ulinzi ya Marekani ikakubali kwamba kombora moja lilifika.

Jambo la pili: Marekani yenyewe ilisema ilikuwa imepewa taarifa mapema. Walinzi walijua mtihani unakuja na takriban saa ngapi. Hilo halifuti kazi waliyoifanya. Makombora yalikuwa ya kweli, na hakuna aliyeuawa. Lakini huwezi kuchukua alama za mtihani uliotangazwa ukazitumia kutabiri mtihani wa kushtukiza.

Kwa hivyo mama, jibu lako ni hili: milipuko ile ilikuwa ya kukinga na ya kupiga, na mara nyingi ilikuwa yote mawili yakikutana. Dada aliyesikia hakuweza kutofautisha. Na mimi niliyecheka mchana, nilicheka kitu ambacho jioni nilikuwa nakiombea kisikose.

10/ Mzee mmoja mbele pale alinyoosha mkono akasema: "Mwanangu, hayo ni ya Waarabu na Wazungu. Sisi yanatuhusu nini?"

Nikamwambia: Mzee wangu, tarehe 28 Novemba 2002 ulikuwa mtu mzima, mimi sijazaliwa. Asubuhi ile makombora mawili ya kubebwa begani yalirushwa kwenye ndege ya abiria ya Israeli ikipaa kutoka Mombasa. Yakakosa. Karibu wakati huo huo bomu likalipuka hoteli ya Paradise, Kikambala, na Wakenya 10 wakafa pamoja na Waisraeli watatu.

Ndege ile ilikuwa na watu zaidi ya 260. Baada ya Mombasa, Marekani ilianza mwaka 2003 mradi wa kufunga kwenye ndege za abiria vifaa vya leza vya kupoteza macho ya kombora. Vilijaribiwa, vikafanya kazi kwa kiasi. Lakini hesabu ya gharama ya kuvifunga na kuvitunza kwenye maelfu ya ndege ilikuwa nzito, na havikufanywa vya lazima huko. Israeli, ambayo ndege yake ndiyo ilirushiwa, iliendelea na mfumo wake wa leza. Kitu kile kile, hatari ile ile, nchi mbili zikaamua tofauti, kwa sababu swali la mwisho halikuwa la wahandisi. Lilikuwa la kisiasa: tunamlinda nani, kwa pesa ngapi, na tunaacha nini kingine?

11/ Na sasa limefika kwetu. Mwaka 2025 magazeti yetu yaliandika, yakitumia taarifa ya Hazina kwa Bunge, kuhusu mkopo wa takriban shilingi bilioni 3.4 kutoka Israeli wa kununua mfumo wa kinga ya anga unaoitwa SPYDER. Huo si wa majaribio kama THAAD ya 1999. Nchi kadhaa wanautumia. Umeundwa kwa ndege, helikopta, droni na vitu vya masafa mafupi.

Sisemi ni mbaya. Sisemi ni mzuri. Nasema mjadala niliousikia mtandaoni ulikuwa wa matusi siku tatu, ukaisha. Kambi ya kwanza: "Usalama hauna bei." Kambi ya pili: "Tunaibiwa." Mkopo tutalipa sote, wa kambi zote mbili.

Wengine husema mambo ya jeshi ni siri, usiulize. Nusu ya hilo ni kweli. Mahali rada ilipowekwa ni siri na iwe siri. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inaruhusu serikali kuzuia yanayoweza kudhuru usalama wa taifa. Lakini Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 201 kinadai uwazi na uwajibikaji katika pesa za umma, pamoja na ushiriki wa wananchi. Bei, riba, na kama kuna faini ya kutofanya kazi, hizo hazimwonyeshi adui mahali pa kupiga.

12/ Kwa hivyo mtu akisimama mbele yenu, wa upande wowote, akasema "limejaribiwa, limefaulu," muulizeni haya. Yaandikeni kwenye simu:

Shabaha ilikuwa nini? Kombora, ndege ama droni? Moja ama nyingi kwa pamoja?

Walinzi walijua mapema?

Ni mara ngapi limekosa, na baada ya kukosa nini kilibadilishwa?

Alama ya kufaulu iliwekwa kabla ya jaribio, ama baada?

Nani alihesabu matokeo? Muuzaji, mnunuzi, ama mtu wa tatu?

Likikosa, nani analipa?

Na kwa pesa hizo, hatari ipi nyingine inabaki bila ua? Kwetu hapa nitaongeza: watu wa Taita Taveta wamekufa kwa ndovu, na wapo wanaosubiri fidia mpaka leo. Huo pia ni ulinzi wa raia. Usichanganye hesabu hizo mbili, lakini ziweke meza moja.

13/ Baada ya mazungumzo yule mzee alinivuta kando. Akaniuliza kama dada bado yuko kule. Nikamwambia yuko, mkataba wake bado haujaisha. Akasema, "Basi wewe uliza hayo maswali hata ya huko. Huko ndiko tuna mtoto."

Nilirudi nyumbani nikatafuta lile jibu langu la tarehe 23 Juni. Nilikuwa nimepanga kulifuta. Nimeliacha, nikaandika chini yake: "Niliyasema haya bila kujua. Sababu iko kwenye mfululizo huu." Yule jamaa niliyemkejeli ameshalisoma. Ameniuliza swali moja kuhusu faini ya dola milioni 15, na safari hii tunajadiliana vizuri.

Wiki ijayo tutaangalia mikopo ya nje na neno "dhamana." Mwenye swali aliache hapo chini. Matusi nitayafuta, hoja ngumu nitaziacha, hata zikinipiga mimi.